Kuni za nyumbani bila kumaliza miti: mwongozo kamili kuanzia kisiki mpaka jikoni

Swali linalonijia kuliko yote kila mvua zikikaribia ni hili: "nilipanda miti ya kuni, nusu ikafa, iliyobaki tukakata mara moja na haijachipua tena, nifanyeje?" Ukimdadisi mtu kidogo unakuta kupanda wala hakukosea sana, shida iko kwenye panga. Alikata wakati mbaya, akakatia chini kabisa usawa wa udongo, mbuzi wakamalizia. Wadau, kwenye kuni kisiki ndio mtaji, matawi ni riba tu, ukila mtaji usishangae mwaka unaofuata hamna kitu.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria watu wa maeneo makavu, yaani Dodoma, Singida, Shinyanga, Tabora, na hata ndugu zetu wa Kitui na Machakos. Kama uko Lushoto au Rungwe kwenye mvua ya kutosha utafanikiwa haraka zaidi, ila miti yako itakuwa mingine.

Najua kuna atakayesema mambo ya kuni yamepitwa na wakati, sasa hivi ni gesi. Sawa, mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameshahamia huko ifikapo 2034, na kama hela ya mtungi unaipata hamia, moshi hauna faida kwa mtu. Ila maharage ya watu nane kijijini leo yanapikwa kwa kuni, na kesho pia, kwa hiyo tuongee ya leo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua yoyote kabla ya kuwa na hivi:

- Panga kali na tupa ya kulinolea. Tupa ni muhimu kuliko panga lenyewe, nitaeleza mbele kwa nini.
- Msumeno wa mkono, ule wa upinde, kwa shina lolote nene kuliko kifundo cha mkono.
- Mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia nyama au pamba. Azima, hauna haja ya kununua.
- Kamba na vipande vya kitambaa cha rangi kali, kanga iliyochakaa inatosha.
- Jembe na sururu.
- Viriba, samadi iliyooza vizuri, mchanga, na udongo wa juu wa msituni au chini ya miti mikubwa.
- Miiba, mabua au matawi ya kuzungushia.
- Daftari. Usicheke, utalihitaji.

## Hatua ya 1: Pima kuni mnazotumia kweli

Watu wengi wanaruka hapa alafu wanapanda miti 30 wakidhani imetosha. Anza jioni moja baada ya kupika. Pima rundo lote la kuni mlizonazo, andika kilo zake. Kwa siku 7 pikeni kwa kutumia rundo hilo tu, ukiongeza mzigo mpya nao upime uandike. Siku ya saba jioni pima kilichobaki, toa, gawa kwa 7, hapo una kilo kwa siku.

Familia inayopikia mafiga matatu mara nyingi inakuta kilo moja mpaka mbili kwa kila mtu kwa siku. Tuseme nyumba yako imetoka kilo 8. Zidisha kwa 365 unapata kilo 2,920, yaani karibu tani 3 kwa mwaka. Sasa kwenye maeneo yetu makavu, mimi nashauri uhesabie tani moja na nusu ya kuni kavu kwa eka kwa mwaka kwenye shamba lililotunzwa na usiweke matumaini zaidi ya hapo. Kwa hiyo familia hiyo inahitaji eka 2.

Huna eka 2 za miti? Basi angalia huku: ukipika kwa jiko banifu na kuni zilizokauka ukapunguza theluthi moja tu ya matumizi, mahitaji yanashuka mpaka kilo 1,950 hivi, na shamba linashuka mpaka eka moja na robo. Ndio maana hatua ya 8 na ya 9 usizione kama nyongeza, pale jikoni unavuna robo tatu ya eka bila kushika jembe. Na hizo eka si lazima ziwe sehemu moja, mipaka ya shamba, kando ya njia na ule upande wa kichuguu usiolimika vyote vinahesabika.

## Hatua ya 2: Kabla ya kupanda, tafuta visiki vilivyo hai

Dodoma hii kitu wanaijua kwa jina la kisiki hai, taasisi ya LEAD Foundation imeisambaza sana vijijini kule, na Wasukuma wana ngitili zao tangu zamani ambazo zinaenda kwa kanuni hiyo hiyo, unalitenga eneo mifugo isiingie kwa msimu na miti inarudi yenyewe.

Pita shambani kwako kiangazi. Vile vichaka vifupi unavyovifyeka kila mwaka wakati wa kuandaa shamba, vikarudi, ukafyeka tena, vingi sio vichaka. Ni miti iliyokatwa zamani, mgunga, mlama, mkole, huko Tabora unakuta myombo na mtundu, na mizizi yake bado iko chini kabisa ina nguvu. Mche wa kitaluni unahangaika miaka kutengeneza mizizi, huyu anayo tayari, kwa hiyo anakimbia. Ni bure pia.

Fanya hivi:

1. Chagua visiki vyenye machipukizi yenye afya. Shambani penye mazao acha umbali wa kutosha jembe au ng'ombe wa kulima wapite, kwenye eneo la kuni tu unaweza kuacha vya karibu karibu.
2. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi 2 mpaka 3 yaliyonyooka na manene, yale yaliyotokea chini karibu na udongo ndio mazuri, yaliyoning'inia juu kwenye kisiki kilichooza yanang'oka na upepo.
3. Mengine yote kata. Panga liende kutoka chini kwenda juu, usikate kwa kushuka maana linapasua gamba na kulivua mpaka chini.
4. Kwenye yale uliyobakiza ondoa vitawi vya chini mpaka nusu ya urefu. Usizidishe, majani ndio yanayolisha mti.
5. Funga kitambaa. Hii watu wanaidharau lakini ndiyo inayookoa, kijana uliyempa kibarua cha kufyeka au mchungaji wa jirani akiona kitambaa anajua huu mti una mwenyewe.

Matawi uliyoyatoa ndio kuni zako za kwanza, mwaka huu huu, kabla hujapanda hata mche mmoja. Ukifanikiwa, mwisho wa mvua machipukizi yaliyobaki yatakuwa yameongezeka unene waziwazi, na pale ulipokata pembeni utaona maotea mapya madogo madogo, hayo utayapogoa tena mwakani, ndio kazi yenyewe ilivyo.

Hesabu visiki ulivyopata, andika. Kuna watu wakifika hapa wanagundua hawahitaji kitalu kabisa.

## Hatua ya 3: Chagua miti ya kujazia

Sifa ya kwanza ya mti wa kuni sio kukua haraka. Ni kuchipua ukikatwa. Hapa ndipo wengi wanapigwa.

Mjohoro. Kwa ukame wetu huu ndio chaguo langu la kwanza. Unachipua vizuri sana, kuni zake nzito, na mbuzi hawaupendi kama wanavyopenda mingine. Ubaya wake moshi, hasa ukiwa haujakauka, na majani ni sumu kwa nguruwe kwa hiyo usiupande karibu na banda.

Mlusina. Unachipua kwa fujo, majani malisho mazuri ya mbuzi, unarutubisha udongo. Lakini ndio huo huo mbuzi wataumaliza, na mbegu zake zinasambaa, ukiacha ukomae na kudondosha utaupata mpaka mahali ambapo hukuutaka.

Glirisidia. Nzuri kwa mipaka na kwa wanaotaka kulima mahindi katikati. Unaweza kupanda kwa vipande vya matawi ila sehemu kavu tumia mbegu, mti wa kipande mizizi yake inabaki juu juu na kiangazi cha kwanza unaweza kuulaza.

Mwarobaini. Unajulikana, unavumilia, unachipua.

Akasia ya Australia, hii wanayoita krasikapa. Tabora wakulima wa tumbaku wanaijua kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku, na wanaizungusha na mahindi: wanalima katikati ya miche miaka miwili mitatu ya mwanzo, miti ikifunga kivuli wanaiacha, ikifika miaka minne mitano wanavuna yote na kulima tena. Inatoa kuni nyingi kweli. Lakini haichipui vizuri! Ukiikata ujue unapanda upya. Nimeona watu wamekaa wanasubiri visiki vya krasikapa vichipue, vimekufa vile.

Grivelia. Nayo usiikate chini, inakufa. Embu na Meru wanaipanda mipakani na wanachokifanya ni kukata matawi tu, shina linabaki miaka na miaka, ukitaka kuni unapanda juu unapogoa.

Mkaratusi. Unachipua, unakua, kuni ni nyingi. Usiupande karibu na kisima, chemchemi wala mto, na mazao hayapendi kukaa nao. Kama una kipande cha mbali cha ardhi mbaya sawa.

Mathenge. Usilete. Waulize watu wa Baringo kule Kenya ulivyowavamia malisho.

Changanya angalau aina mbili tatu. Ugonjwa au mdudu akija kwa aina moja hutobaki mikono mitupu.

## Hatua ya 4: Kitalu kidogo cha nyumbani

Anza Julai au Agosti ili miche iwe tayari Desemba. Ukianza Oktoba utapanda vitoto, na vitoto havivuki kiangazi.

Mchanganyiko wa kiriba: debe tatu za udongo wa juu, moja samadi iliyooza, moja mchanga. Samadi ikiwa mbichi itachoma miche, ishike mkononi, kama bado ina joto au inanuka mkojo isubiri.

Mbegu zenye ganda gumu lazima uziamshe. Za mjohoro na mlusina: chemsha maji, epua, subiri dakika chache yaache kutokota, mimina juu ya mbegu, alafu yakishapoa ziache humo mpaka kesho yake. Zilizovimba panda, zilizoelea tupa. Usizipike jikoni na maji yake maana zinakufa. Glirisidia inataka kulowekwa usiku mmoja tu kwenye maji ya kawaida. Grivelia haitaki chochote ila inataka mbegu mpya, mbegu ya kukaa kwenye kopo mwaka mzima usiisumbukie.

Weka mbegu mbili kila kiriba, zikiota zote ng'oa moja. Kivuli chepesi cha nyasi mwanzoni, baadaye unakipunguza kidogo kidogo.

Mwezi wa mwisho kabla ya kupanda fanya mambo mawili ambayo vitalu vya kununua mara nyingi havifanyi: punguza maji, na nyanyua viriba ukate mizizi iliyotoboa kuingia ardhini. Mche unakuwa mgumu, shina linageuka rangi ya kahawia badala ya kijani kibichi. Huo ndio mche wa kupanda. Ule mrefu laini unaovutia kwa macho ndio mchwa wanaoanza nao.

## Hatua ya 5: Kupanda, na miaka miwili ya kulinda

Chimba mashimo kabla ya mvua, sentimita 45 kwa 45 na kina hivyo hivyo, udongo wa juu weka upande mmoja wa chini upande mwingine. Nafasi ya mita 2 kwa 2 kwa kuni inafaa, eka inaingia miche karibu 1,000. Kwenye ukame mkali weka mita 2 na nusu, eka inakuwa na miche 650 hivi lakini kila mmoja unapata maji yake.

Usipande mvua ya kwanza. Subiri mpaka udongo uwe umelowa kina cha mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole, chimba uone. Mvua ya kwanza Dodoma inaweza kunyesha ikakata wiki mbili, na miche yako yote ikawa kuni kabla ya wakati.

Toa kiriba. Naandika hivi kwa sababu bado kuna watu wanapanda na nailoni yake! Rudisha udongo wa juu kwanza chini, weka mche, fukia, kanyaga, acha kisahani kidogo cha kukusanyia maji kuzunguka shina.

Baada ya hapo maadui ni wanne.

Majani. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara mbili tatu kwa msimu, angalau miaka miwili. Njia rahisi kuliko zote ni kulima maharage, choroko au mahindi katikati, ukipalilia mazao umepalilia miti.

Mbuzi. Kama kijiji chenu mifugo inaachiwa baada ya mavuno ongea na majirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla, sio baada. Zungushia miiba. Mche ukishavuka urefu wa mtu mzima hatari imepungua.

Mchwa. Wanapenda mche ulionyauka au wenye kidonda. Kwa hiyo usijeruhi shina kwa jembe, usirundike mabua makavu yakagusa shina (acha kiganja kimoja cha nafasi), na majivu kuzunguka shina yanasaidia kidogo ila mvua ikinyesha yanaisha unarudia. Mikaratusi na grivelia ndio wanaoteseka zaidi.

Moto. Fyeka barabara ya mita 3 mpaka 5 kuzunguka shamba lote mwezi wa sita, kabla majani hayajakauka kabisa. Moto wa jirani haubishi hodi.

Ukimaliza kiangazi cha kwanza na miche 7 au 8 kati ya 10 iko hai umefanya vizuri, jazia mapengo mvua inayofuata. Ikiwa imebaki chini ya nusu, usipande tena kabla ya kujua kilichoua, ng'oa miche mitano iliyokufa uangalie mizizi: imekunjika kama utambi basi kiriba kilikaa sana, gamba limeliwa chini basi mchwa, mizima lakini mikavu basi ulichelewa kupanda.

## Hatua ya 6: Kugawa shamba na kukata

Hapa ndipo penye kila kitu, soma taratibu.

Gawa shamba lako lote, visiki hai pamoja na miti ya kupanda, katika mafungu 5 yanayolingana. Weka mawe au rangi kwenye pembe. Miti ikifika miaka minne mitano, unakata fungu moja tu kwa mwaka. Mwaka wa pili fungu la pili. Ukimaliza la tano, mwaka unaofuata la kwanza limeshafika miaka mitano tena. Mwenye sehemu kavu sana aweke mafungu 6 au 7.

Kwa nini usichukue tu mti mmoja mmoja unaoupenda popote? Kwa sababu utachukua mizuri yote ya karibu na nyumba, kila mtu nyumbani atakata anapotaka, na mbuzi utawazuia vipi shamba zima? Fungu moja lililokatwa unaweza kulizungushia miiba. Shamba zima huwezi.

Lini. Mwisho wa kiangazi, wiki chache kabla ya mvua. Mti unakuwa umehifadhi chakula chake kwenye mizizi, ukikatwa unasubiri, mvua ikishuka unalipuka. Ukikata katikati ya mvua kidonda kinaoza, ukikata mwezi wa tano kisiki kinakaa kiangazi kizima kinapigwa jua na mchwa. Nikisema watu wanakata wakati mbaya ndio hii, kuni zikiisha tu wanachukua panga, kalenda hamna.

Urefu wa kisiki. Mkaratusi sentimita 10 mpaka 15 kutoka ardhini. Mjohoro, mlusina na glirisidia acha sentimita 30 mpaka 50, usawa wa goti hivi au chini kidogo. Penye mbuzi wengi kuna wanaokata juu zaidi, mita moja na nusu na kuendelea, machipukizi yanatokea juu ambako mbuzi hafiki, inafanya kazi ila inahitaji ngazi baadaye.

Namna. Kata kwa msumeno. Kwanza kata kidogo upande ambao mti utaangukia, alafu maliza upande wa pili, ili mti ukianguka usivue gamba la kisiki. Kidonda kiwe na mteremko kidogo maji yasituame juu. Ukimaliza angalia: gamba limeshikamana na mti kuzunguka pande zote? Vizuri. Limechanika na kuachia? Kata tena chini ya pale palipochanika kwa msumeno. Machipukizi yanatokea chini ya gamba, gamba likishaachia na kukauka pale hapatoki kitu. Na ndio maana nilisema tupa kuliko panga, panga butu halikati, linaponda, na kisiki kilichopondwa kinaoza kuanzia juu.

Usichome takataka juu ya visiki. Usirundike matawi juu yake pia, machipukizi yanataka mwanga.

Ndani ya wiki chache baada ya mvua kuanza utaona vivimbe vidogo vyekundu au kijani kuzunguka gamba, alafu vijani. Kisiki kisicho na kitu mpaka mvua zinaisha kimekufa, panda mche pembeni yake.

## Hatua ya 7: Punguza machipukizi

Kisiki kimoja cha mjohoro kinaweza kutoa machipukizi kumi na zaidi. Ukiyaacha yote utavuna fimbo. Yakifika mita moja hivi punguza yabaki 4 au 5, msimu unaofuata punguza yabaki 2 au 3. Usipunguze yote mara moja mwanzoni maana upepo unaweza kuvunja hayo mawili uliyoyaachia ukabaki huna kitu.

Bakiza yaliyo pande tofauti za kisiki, manene, yaliyoshika chini. Uliyoyatoa ni fito, vijiti vya nyanya, malisho, au kuni ndogo za kuwashia.

## Hatua ya 8: Kausha, kausha, kausha

Kuni mbichi nusu ya uzito wake ni maji. Ukiiweka motoni sehemu kubwa ya moto inafanya kazi ya kuchemsha hayo maji kabla ya kuchemsha ya kwenye sufuria, na ule moshi unaokutoa machozi ndio hapo unapotokea. Yaani unakata kuni mara mbili kwa ugali ule ule.

Pasua chochote kinene kuliko mkono siku hiyo hiyo ya kukata, mbichi inapasuka kirahisi, ikikauka utalia. Kata urefu unaoingia jikoni kwako. Panga juu ya mawe au magogo mawili, zisiguse ardhi, mchwa na unyevu vyote vinatokea chini. Panga kwa kupishanisha hewa ipite. Juu funika kwa bati au nyasi, pembeni acha wazi. Turubai la kufunika mpaka chini linazipika kama kwenye mvuke na zinaota ukungu.

Sasa kwa kuwa umekata mwisho wa kiangazi, mvua iko njiani, kwa hiyo paa ni lazima. Miezi mitatu mpaka sita inatosha kwa zilizopasuliwa. Maana yake kuni unazokata mwaka huu ni za kupikia mwakani, rundo la sasa na rundo linalokauka viwe viwili tofauti na kila mtu nyumbani ajue.

Jinsi ya kujua zimekauka: chukua kipande kimoja, kiwekee alama ya mkaa, kipime uzito siku ya kwanza, andika. Rudi kila wiki mbili. Kipande cha kilo 3 kibichi kitashuka mpaka chini ya kilo 2 kidogo, alafu uzito unagoma kushuka. Hapo tayari. Bila mizani gonganisha vipande viwili, vikavu vinalia ko! vibichi vinatoa sauti ya kuziba, na kwenye ncha utaona nyufa zilizotawanyika kutoka katikati.

## Hatua ya 9: Jikoni

Kwa kifupi tu maana haya mengi mnayajua. Jiko banifu la udongo au matofali lililotoshea sufuria yako, sio sufuria inayoning'inia. Kuni nyembamba za unene wa dole gumba mpaka za unene wa fimbo ya kuchungia, mbili tatu kwa wakati, unasukuma ncha tu. Funika sufuria. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, yanaiva kwa muda mfupi mno kuliko yasiyolowekwa na hapo peke yake unaokoa kuni nyingi kwenye nyumba inayopenda maharage. Ukimaliza kupika toa vijiti uvizime kwenye mchanga, usiache viishie.

Jiko liwe karibu na dirisha au chini ya paa lililo wazi, na watoto wadogo wasikae upande moshi unakoelekea. Usipikie mnyaa hata ukiwa mkavu kiasi gani, utomvu wake unaunguza macho.

Rudia kipimo cha hatua ya 1 baada ya mwezi. Ikiwa kilo kwa siku hazijashuka, tatizo ni moja kati ya mawili, kuni bado mbichi au jiko halijatoshea sufuria.

## Ukitaka kuuza ziada

Miti uliyoipanda ni yako, lakini kuni zikishapanda kwenye pikipiki au fuso kwenda mjini utaulizwa kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, kwa hiyo pitia kwa afisa misitu wa wilaya kwanza na barua ya serikali ya kijiji inayosema shamba ni lako. Miti ya asili iliyorudi kwenye visiki uliza zaidi, baadhi kama mninga ina masharti yake hata ikiwa shambani kwako.

Na usipange biashara yako ikategemea shule kubwa au magereza, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku serikali ilishaziambia ziache kuni na mkaa. Wateja waliobaki ni mama lishe, wachoma matofali na majirani ambao hawakugawa mafungu.